Je, Wajua? Mzee Juu, Mtoto Chini

Je, wajua kwamba Wachina humwita mwanafalsafa Confucius "Kongzi", yaani Mwalimu Kong? Jina Confucius ni la Kilatini, na lilienezwa Ulaya na wamishonari Wajesuiti. Mwenyewe alizaliwa mwaka 551 KK.

Je, wajua kwamba herufi ya Kichina ya *xiao*, yaani kuwatii na kuwatunza wazazi, huchorwa mzee juu na mtoto chini, kama aliyembeba? Mama mboga wa Kawangware anayefunga kibanda jioni na kumtumia mamake shilingi 500 kwa M-Pesa anaiishi herufi hiyo.

Je, wajua kwamba kwa Confucius kulisha wazazi hakutoshi? Alifundisha kuwa hata mbwa na farasi hulishwa. Kinachomtofautisha mzazi ni heshima. Basi ukituma pesa, piga na simu.

Je, wajua kwamba mwaka 1958 wasomi wanne wa mapokeo ya Confucius, Mou Zongsan, Tang Junyi, Xu Fuguan na Zhang Junmai, walitangaza kuwa utamaduni wa China ungali hai? Walitaka pia ukumbatie sayansi na demokrasia.

Je, wajua kwamba Tu Weiming, mzaliwa wa Kunming mwaka 1940 aliyefundisha Harvard, husema mapokeo ya Confucius yameingia enzi ya tatu? Kwanza yalienea China, kisha Asia Mashariki, na sasa yanazungumza na ulimwengu mzima.

Je, wajua kwamba Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika, kituo cha kufundisha lugha na utamaduni wa China, ilianzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005? Kutoka Kibera ni safari fupi ya matatu.

Je, wajua kwamba katika chuo hichohicho mwanafalsafa Henry Odera Oruka alikuwa ameshaanza kuwahoji wazee wenye hekima wa Kenya tangu miaka ya 1970? Babake, Oruka Rang'inya, alikuwa mmoja wao. Odera Oruka alitenganisha mzee anayerudia ya wahenga na mzee anayeyapima kwa akili yake.

Je, wajua kwamba jina Kibera latokana na "Kibra", neno la Wanubi la msitu? Msitu umekwisha, jina limebaki.

Mapokeo huishi yanapoulizwa maswali. Wiki hii mketishe mzee mmoja wa mtaani kwako, mwulize "kwa nini?", na uandike jibu lake.