Magamba Juu ya Kwato: Kausha Mguu Kwanza

Mvua ikianza mwezi wa tisa, wafugaji wengi wa Bukavu, Kabare na Walungu wanaona jambo moja: mbuzi au ng'ombe anatoka magamba miguuni, juu kidogo ya kwato. Anapiga mguu chini, hataki kuguswa. Baba iko kwenye shimo la dhahabu kule Kamituga, mama amebaki na mbuzi watatu ambao ndio minervali ya watoto. Jirani anapita, anasema: «Hiyo ni sumu walitega njiani.»

Hapana, mama. Ugonjwa huu hata farasi wa Ulaya wanaujua; huwashika miguu ya chini wakati wa matope. Visababu vyake ni vingi, lakini kimoja ni mdudu asiyeonekana kwa macho, naye anabeba jina la inchi yetu: Dermatophilus congolensis. Van Saceghem, munganga wa nyama Mbelgiji, alimweleza mwaka 1915 kutokana na ng'ombe wa Kongo. (Si jina la kujivunia, lakini ndilo.)

Mdudu huyu anaweza kulala ndani ya gamba kavu kwa miezi mingi. Gamba likiloa, anaamka, anaogelea katika maji na kutafuta mlango. Ngozi nzima humshinda. Ngozi iliyolainika kwa matope, au iliyochomwa na miiba, mawe na kupe, ndiyo inamfungulia. Nywele zinashikana kama brashi ya rangi. Ukizinyanyua, chini kuna usaha na nyama nyekundu. Kwa ng'ombe magamba huenea hata mgongoni.

Wengi wanapaka mafuta machafu ya motere. Ni kosa kubwa: yanaunguza ngozi na kufungia unyevu ndani.

Kwanza mtoe mnyama kwenye matope, umweke penye sakafu kavu. Kata nywele. Lainisha magamba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, toa yale yanayokubali. Usiyang'oe kwa nguvu. Osha kwa Betadine iliyochanganywa na maji, ngoja dakika kumi, suuza, halafu kausha kabisa kwa kitambaa safi. Hapo kwenye kukausha ndipo watu wanachoka, na ndipo ugonjwa unarudi. Magamba yachome moto, usiyatupe uani.

Mguu ukivimba, mnyama akichechemea au akiwa na homa, ita veterineri. Penisilini inaua mdudu huyu, lakini kipimo kinafuata kilo za mnyama, na maziwa yake hayanywewi mpaka siku alizotaja zipite. Tena ukiona malengelenge mdomoni na mate yanachuruzika, pengine kwa nyama wengi mara moja, usipoteze wakati na sabuni: hiyo inaweza kuwa homa ya midomo na miguu. Usihamishe mnyama hata mmoja, wala kumpeleka sokoni, mbele veterineri hajafika.

Wewe mwenyewe vaa glovu, hata mfuko wa plastiki, na unawe mikono kwa sabuni, maana mdudu huyu anaweza kushika ngozi ya mtu pia.