Laptopu Imechoka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Fundi akishaifungua laptopu yako na kuguna, uwezo wako wa kupatana bei umepungua. Ni heri uujue ugonjwa kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo.

Tuchukue HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya mashine za ofisini zinazouzwa huku zikiwa zimeshatumika kwingine. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6. Ikiwashwa unapata muda wa kuchemsha chai, na ukifungua kurasa chache za Chrome inaganda. Mwenyewe ataapa kwamba imezeeka. Mara nyingi kilichozeeka ni diski tu. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya kawaida ya SATA hufika 500 na kupita. Na pengo huwa kubwa zaidi kwenye yale maelfu ya faili ndogondogo ambayo Windows huyasoma inapowaka. Kupima ni bure: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 wakati prosesa imetulia, mshtakiwa umempata. Ukisikia diski inagonga-gonga, usiiwashe ovyo. Hamisha picha na nyaraka zako kwanza, mengine baadaye.

Mafundi wengi huanza kwa kukuambia "tuipige Windows upya". Ni kazi ya bei nafuu, na huondoa virusi na takataka, lakini diski inayokufa haiponi kwa kupigwa Windows. Utalipa leo, na baada ya muda mfupi utarudi palepale. Mwambie aweke SSD kwanza, kisha ndiyo apige Windows juu yake.

Baada ya diski, mshtakiwa wa pili ni RAM. Gigabaiti 4 hazitoshi tena kwa Windows na Chrome. 8 zinatosha kwa mtu wa barua na hesabu. G3 hutumia DDR4, na mashine za nyuma zaidi hutumia DDR3, ambayo haiingii mahali pa DDR4. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo usinunue gigabaiti 16 kwa kujionyesha. Vumbi kwenye feni na betri iliyochoka ni matengenezo ya kawaida, hayahitaji mjadala.

Mjadala uko kwenye Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache mno. G3 haimo. Fundi anaweza kuilazimisha ikubali, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho. Njia nyingine ni kulipia nyongeza ya ulinzi, dola 30, inayofika Oktoba 2026. Mimi ningeweka Linux Mint, ambayo ni bure na huja na LibreOffice, ila kwa mhasibu ambaye programu yake hukubali Windows peke yake, ushauri huo haumsaidii.

Basi hesabu iende hivi. Jumlisha SSD, RAM na ufundi, ulinganishe na bei ya EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 iliyotumika, yenye prosesa ya kizazi cha 8. Matengenezo yakivuka nusu ya bei hiyo, acha. Mazabodi ikiungua, acha bila hata kuhesabu: ya kuokoteza haina dhamana ya maana, na SSD yako unaweza kuitoa ukaitumia kwingine, mradi mashine mpya ina nafasi ya aina hiyo.

Ukienda kununua iliyotumika, izime na kuiwasha mbele ya muuzaji, uingie BIOS uone kama haidai nywila ya kampuni iliyoimiliki. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri wa sasa na ule wa kiwandani. Hakikisha pia prosesa imeandikwa i5-8 kitu au zaidi, maana kibandiko cha nje hubandikwa na yeyote. Muuzaji akikataa usiiguse, nenda duka la jirani.