Nukta za Kioo: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua Televisheni

Si kusudio letu leo kuandika juu ya yatazamwayo katika televisheni, yapi ya kheri na yapi ya upuuzi. Hayo yana mahali pake. Twataka kuandika juu ya chombo chenyewe, kwani tumeona mali ya watu wanyonge ikipotea kwa sababu ya maneno machache yaliyochapwa juu ya sanduku.

Mama mmoja, jirani yetu, alipokea zamu yake ya upatu, akaenda dukani kuwanunulia wanawe televisheni. Akaonyeshwa moja ya inchi 43, na juu ya sanduku lake pameandikwa "4K" kwa herufi kubwa. Akalipa bei ya 4K. Baada ya siku chache alituita, akasema, "Mwalimu, hebu nitazamieni chombo hiki, mbona hakishindi kile cha wifi yangu, nacho ni cha bei ndogo?" Tukakifungua kitabu chake, na huko ndani, kwa maandishi madogo, tukakuta 1920 x 1080. Kumbe ile "4K" ilimaanisha tu kwamba chombo chaweza kupokea picha ya 4K, kisha huipunguza ili ienee katika kioo chake.

Hapa yapasa tueleze. Picha ya televisheni imefanywa kwa nukta, nazo huitwa pikseli. Mtoto wa chuoni ajua kwamba nukta moja ndiyo huitenga be na nuni. Vivyo hivyo kioo kikipungukiwa na nukta, yaliyo madogo hayabainiki. Hesabu yake ni kuzidisha nukta za upana kwa nukta za kimo. Kioo kiitwacho HD aghlabu kina 1366 kwa 768, yaani nukta zipatazo milioni moja. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ama 4K ni 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, ambayo ni mara nne kamili ya Full HD. Basi jirani yetu alilipia pishi akapewa kibaba.

Jambo la pili ni taa. Kioo cha LCD hakina nuru yake chenyewe; taa huwaka nyuma yake, nacho huiruhusu nuru au huizuia. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba. Baadaye zikatiwa vijitaa vidogo viitwavyo LED. Kwa hivyo "televisheni ya LED" ni ile ile LCD iliyobadilishwa taa. QLED, jina lililoenea tangu mwaka 2017, nayo ni ya ukoo huo huo, ila imeongezwa utando wa chembe ndogo mno za kutakasa rangi. OLED ndiyo iliyo mbali nazo, ijapokuwa majina yafanana: kila nukta yawaka na kuzimika yenyewe, hata weusi wake ukawa weusi wa kweli. Lakini bei yake ni kubwa, na picha isiyoondoka mahali pake kwa muda mrefu, mathalan alama ya kituo pembeni, yaweza kuacha kovu kiooni. Ama plasma, watengenezaji wakubwa waliiacha katika miaka ya 2013 na 2014. Auziwaye leo anauziwa kuukuu.

Tena kuna hezi, nayo ni idadi ya mara ambazo kioo hubadili picha katika sekunde moja. Vingi hubadili mara 50 au 60, na vilivyo bora mara 120. Ukiona namba kubwa iliyofungamana na jina la kiwanda, uliza hezi za kioo chenyewe. Na inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe: kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 hivi. Pima ukuta wako kabla ya kwenda sokoni.

Wala tusidhani kwamba kila nyumba yahitaji 4K. Mwenye kuketi mita tatu mbali na kioo cha inchi 43, jicho lake kwa shida litaitambua tofauti. Na matangazo mengi ya king'amuzi hayafikii nukta hizo. Huyo Full HD yamtosha, na fedha itakayosalia ina kazi nyingine nyumbani.

Jirani yetu alirudi dukani, akajibiwa kwamba stakabadhi yake yasema "televisheni inchi 43" tu, naye amepewa inchi 43. Hakurudishiwa hata senti. Basi shauri letu ni hili: mwambie muuzaji akufungulie kitabu, usome nukta za kioo kwa macho yako, kisha namba ya chombo, hesabu ya nukta na muda wa dhamana viandikwe vyote katika stakabadhi kabla hujatoa fedha. Muuzaji mwaminifu hataona uzito kuyaandika aliyoyasema kwa kinywa chake. Akikataa, funga mkoba wako uende duka la pili.