Adui Asiyebisha Hodi

Akina mama wengi jioni tunafunga mlango na kulala tukiamini kwamba watoto wote wamo ndani salama. Lakini kijana mwenye simu chini ya mto huenda ana mgeni ambaye hakubisha hodi.

Hili si jambo la Ulaya tu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hapa Tanzania, kati ya kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walikuwa wamenyanyaswa kingono kupitia mtandao katika muda wa mwaka mmoja. Wavulana nao hunaswa. Na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu.

ANAVYOINGIA

Huanza kwa sifa. Humtumia kijana vocha, humsikiliza anapowalalamikia wazazi, kisha humwambia, "Hii iwe siri yetu." Baadaye huomba picha. Akishaipata hugeuka: tuma nyingine, au tuma pesa, la sivyo baba yako na shule nzima wataiona.

Hapo ndipo tuangalie vizuri. Nguvu yake yote ni hofu ya mtoto kwa wazazi wake, na hofu hiyo sisi ndio tunaoweza kuiondoa. Tumwambie mapema, kabla halijatokea lolote: "Hata ukikosea, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga." Kisha tulitimize neno hilo. Kuvunja simu humfundisha kuficha zaidi.

YAKISHATOKEA

Mtoto akisema, tumjibu: "Umefanya vema kuniambia. Mwenye hatia ni yule aliyekutendea." Tusimlipe mtu huyo. Tusifute ujumbe wake. Tuandike jina na namba yake, ndipo tumzuie. Picha tusimtumie mtu yeyote, hata shangazi. Tutoe taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au tupige 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Kama walikutana na mtoto akaingiliwa, tumpeleke hospitali mara moja, ikiwezekana kabla hajaoga. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndivyo zinavyofaa zaidi.

MIEZI INAYOFUATA

Sisi wauguzi tunajua kwamba kidonda cha namna hii hupona polepole. Kijana akikosa usingizi, akikataa shule, apelekwe kwa mshauri. Akisema afadhali afe, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali.

Wazazi wasilaumiane mbele yake. Hasira ya baba mara nyingi ni uchungu, naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Majirani hawana haja ya kujua. Mtoto arudie masomo, kwaya na marafiki zake, wala asikumbushwe jambo lile kila anapokosea.

Tusingoje msiba. Neno lile, "njoo kwangu kwanza," tuliseme wiki hii.