Je, Aliyeona Maafa Alazimishwe Kusimulia?

Askari arudipo nyumbani baada ya kushuhudia vifo, jamaa humzunguka wakitaka aeleze yote usiku huo huo. "Baba Rehema, toa yaliyo moyoni upate nafuu." Nia ni njema, na fikira hiyo hiyo iliwahi kuwa tiba rasmi.

Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell wa Marekani, aliyepata kuwa mzimamoto, alieleza utaratibu wa kuwakusanya wazimamoto, polisi na waokoaji mara baada ya maafa, kila mmoja aseme aliyoyaona na yaliyomsibu moyoni. Utaratibu ulienea upesi, maana wengi walioupitia waliushukuru.

Lakini shukrani ya mgonjwa si kipimo cha dawa. Majonzi mengi hupungua yenyewe siku zikipita. Bila kuwalinganisha waliotibiwa na wasiotibiwa, nani ajuaye kilichoponya? Huko Wales watafiti waliwagawa majeruhi wa moto kwa kura, wengine wakasimulishwa, wengine wakaachwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1997 yalishtua: baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, na asilimia 9 tu ya walioachwa.

Watetezi wa utaratibu huo hawakunyamaza. Walisema uliundwa kwa vikundi vya watu wa kazi moja, si kwa majeruhi mmoja kitandani. Tena waliosimulishwa walikuwa wameungua vibaya zaidi tangu mwanzo. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, jaribio la wanajeshi 952 wa Marekani waliolinda amani Kosovo, lililochapishwa mwaka 2008, halikuonyesha madhara makubwa wala manufaa ya wazi, ingawa wanajeshi wenyewe waliupenda mkutano wao.

Siku za kwanza, basi, mpeni mtu maji, chakula, usingizi na utulivu, na sikio iwapo mwenyewe ataka kusema. Mwezi ukipita naye bado aota ndoto za kutisha na kushtuka mlango ugongwapo, apelekwe hospitali.

Huko masimulizi yana nafasi yake. Katika kambi moja ya wakimbizi nchini Uganda, Wasudani walisimulia maisha yao tangu utotoni kwa vikao vinne, hatua kwa hatua. Kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2004, baada ya mwaka mmoja asilimia 29 yao walibaki na ugonjwa. Miongoni mwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Katika tiba hiyo mganga huyaandika masimulizi yote, na mwishoni humkabidhi mgonjwa maandishi hayo yawe mali yake.