Meza Dawa ya Kichocho, Usiogope Mzio



Mzio ni ugomvi wa mwili na kitu kisichowadhuru wengine. Mmoja hula dagaa akashiba. Mwingine hula dagaa hao hao akavimba midomo na kuwashwa. Mwingine akivuta vumbi, kifua hulia.

Wataalamu waliona kuwa penye minyoo mingi, mara nyingi mzio ni kidogo. Minyoo hutuliza kinga ya mwili ili isiwashambulie. Je, tukitibu minyoo na kichocho, mzio utazidi?

Swali hili lilipimwa Uganda kuanzia mwaka 2012, katika vijiji 26 vya wavuvi, visiwa vya Koome, Ziwa Victoria. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vijiji 13 vilipewa dawa kila miezi mitatu. Vijiji 13 vilipewa kama kawaida: dawa ya kichocho mara moja kwa mwaka, ya minyoo mara mbili. Baada ya miaka mitatu watu walipimwa. Waliomeza mara nyingi hawakuzidiwa na mzio. Na choo kilipopimwa, mayai ya kichocho yalionekana kwa wachache zaidi.

Sisi wa Kibirizi pia tunavua, tunafua na kuoga ziwani. Kichocho kipo. Dawa zikigawiwa shuleni, usimzuie mwanao.

Kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, mwambie mganga kabla hujameza. Na dawa au chakula kikikuvimbisha uso au kukubana pumzi, wahi zahanati saa hiyo hiyo. Usingoje kesho.