Jina Lake Nani, Yule Anayekupikia?

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, huenda leo jioni, chakula kikiisha kuliwa, wewe na jamaa yako mtaketi sebuleni mbele ya televisheni kutazama mchezo wa kuigiza wa mambo ya kale: jumba kubwa la Waingereza, mabwana na mabibi orofani wakinywa chai, na chini yao wapishi, wahudumu wa meza na wajakazi wakiikimbilia kengele. Mtawahurumia wajakazi hao. Pengine mama wa nyumba atasema, "Jamani, watu hawa waliteseka!" Wakati huohuo, huko jikoni, masufuria yanagongana. Kuna mtu anaosha vyombo mlivyolia. Makala haya yanamhusu yeye.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA CHINI

Mmoja wa michezo mashuhuri ya namna hiyo ni Upstairs, Downstairs, ulioanza kuonyeshwa Uingereza tarehe 10 Oktoba 1971, ukaendelea hadi Desemba 1975 kwa sehemu 68. Wazo lake lilitoka kwa waigizaji wawili wanawake, Jean Marsh na Eileen Atkins, ambao wazazi wao waliijua kazi ya utumishi wa majumbani. Walitaka mtumishi naye apewe nafasi ya kusema, asiwe mtu wa kupita na sinia tu.

Sehemu ya kwanza inaanza mwaka 1903. Msichana maskini anafika kutafuta kazi katika nyumba ya ukoo wa Bellamy, namba 165, Eaton Place, mjini London. Kwa kuwa hajui desturi, anabisha mlango wa mbele. Anaelekezwa ashuke ngazi, apitie mlango wa chini, ule wa watumishi. Baadaye anafikishwa mbele ya bibi mwenye nyumba, Lady Marjorie, naye anamwuliza jina lake. Msichana anajibu kwamba anaitwa Clémence. Bibi anaona kwamba hilo si jina linalomfaa mtumishi. Tangu siku hiyo, anaambiwa, ataitwa Sarah.

Hakuna kofi lililopigwa. Lady Marjorie si mwanamke katili. Kwa desturi za tabaka lake ni mwungwana kabisa. Hata hivyo, katika dakika chache tu binti yule amenyang'anywa vitu viwili: mlango aliouingilia na jina alilokuja nalo. Mshahara haujatajwa bado, wala ufagio haujashikwa, lakini kazi imekwisha anza.

Wakati mchezo huo ulipoanza kuonyeshwa huko, sisi hatukuwa na televisheni. Zanzibar ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1973, na Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Lakini wazee wetu hawakuhitaji televisheni ili wayajue mambo hayo. Waliyaona kwa macho yao.

MABOI NA WAJAKAZI WETU

Katika nyumba za Wazungu wa Oysterbay, Dar es Salaam, zama za ukoloni, mtu mzima mwenye mke, watoto na mvi kichwani aliitwa "boi", yaani mtoto wa kiume. Alivaa kanzu nyeupe, alilala katika chumba cha uani, naye aliitikia jina hilo mpaka alipostaafu au kufukuzwa. Ferdinand Oyono wa Kamerun aliandika riwaya juu ya mtumishi wa namna hiyo mwaka 1956. Nayo ilipofasiriwa kwa Kiswahili haikuhitaji anwani ndefu. Iliitwa Boi, na kila msomaji alielewa.

Nasi tusijidanganye kwamba jambo hili lililetwa na Wazungu peke yao. Shafi Adam Shafi, katika riwaya yake Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, anatuingiza katika jumba la kabaila mmoja wa Unguja kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Humo tunamkuta mtumishi, bibi mtu mzima aliyechakaa kwa kazi, na jina lake ni Kijakazi. Litazame jambo hilo vizuri, ndugu msomaji. Hali yake ya utumishi ndiyo iliyofanywa jina lake. Na hata alipozeeka, bado aliitwa kwa neno linaloanza na "ki".

Mkumbuke pia Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekamatwa, akauzwa utumwani, akapelekwa mpaka India. Aliporudi Afrika akawa kiongozi wa misafara, na mwaka 1857 alipita Ugogo na Unyamwezi pamoja na Burton na Speke. Vitabu vya historia vinamtaja kwa jina la mji wa ng'ambo. Jina alilopewa na mama yake limepotea.

BINTI WA UNYAMBWA

Sasa tuje kwetu na siku zetu. Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Watu wa sehemu hizo ni wakulima wa mtama, uwele na alizeti. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku, nao hutegemea mvua ya msimu mmoja kwa mwaka. Mvua ikikosa, mwaka mzima umekosa. Ndiyo maana mkoa wa Singida, pamoja na Iringa, Dodoma na mikoa mingine, kwa muda mrefu umekuwa ukiwatoa mabinti wake kwenda kufanya kazi katika nyumba za mijini.

Tumfikirie binti mmoja wa Unyambwa. Ni wa kubuni, lakini kila msomaji amekwisha kumwona. Amemaliza darasa la saba na masomo yameishia hapo. Mwaka huo ghala la nyumbani ni tupu. Anatokea mama mmoja wa Dar es Salaam, mtu wa kufahamiana na shangazi yake, anayetafuta msaidizi. Maneno ni matamu: "Atakuwa kama mwanangu wa kumzaa." Baba na mama wanashukuru. Mshahara hautajwi, kwa kuwa kutaja fedha mbele ya mtu aliyejiita mzazi kungeonekana kuwa utovu wa adabu. Binti anapanda basi na mfuko wake mmoja, na dumu la mafuta ya alizeti ambalo mama yake amemfungia awapelekee wenyeji wake. Safari ni ya karibu kilomita 700.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti huyu hapewi hata hizo mbili. Anafika usiku, na saa kumi na moja alfajiri anagongewa mlango: kuna maji ya kuchemsha, sare za shule za kupiga pasi, na mtoto mchanga wa kubeba. Atalala saa nne usiku, wenye nyumba wakiisha kulala.

Na jina lake? Watoto wanamwita dada. Mama anamwita dada. Baba, anapomwita, husema "wewe binti". Majirani wanamtaja kuwa ni hausigeli wa Mama Fulani, na vijana wa mtaani, kwa mzaha wao, humwita beki tatu. Mwezi unakwisha, na ukiwauliza watu wa nyumba ile jina lake kamili na la baba yake, utawaona wakitazamana.

Mtu atasema: je, "dada" si jina la heshima? Ni la heshima sana. Kwa desturi zetu hakuna neno zuri zaidi la kumwitia msichana usiyemzaa. Lakini dada hula mezani pamoja na ndugu zake. Dada akiugua hupelekwa hospitali bila kukatwa fedha. Dada akisikia mama yake ni mahututi Unyambwa, hapangiwi asubiri mpaka mwenye nyumba apate likizo. Ikiwa binti ni dada wakati wa kugawa kazi, kisha akawa mtu baki wakati wa kugawa haki, basi undugu huo ni kanzu tu tuliyoivisha kazi isiyo na mkataba. Lady Marjorie alimnyang'anya mtumishi wake jina bila kuficha. Sisi tunalichukua kwa kumkumbatia.

MFANYAKAZI MWENYE MFANYAKAZI

Hapa, ndugu msomaji, yafaa tuambiane ukweli. Wewe ni mfanyakazi. Uko kiwandani, bandarini, ofisini au shuleni. Unazijua saa zako, unaijua likizo yako, na mwajiri akikupunja unakimbilia chama chako. Hakuna ubaya katika hilo. Haki hizo zilipiganiwa. Lakini ukishuka kwenye basi jioni na kufungua mlango wa nyumba yako, cheo chako kimebadilika. Humo ndani wewe ndiye mwajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haikuliacha jiko nje. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Pawe na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28, kwa malipo. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Sasa mhesabie binti wa Unyambwa: kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 17. Hata ukimtolea saa moja ya kula, akianza Jumatatu, ifikapo Jumatano usiku amekwisha zipita saa 45 za wiki nzima. Na Alhamisi alfajiri mlango wake utagongwa tena.

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Analala kwangu, anakula kwangu, anaoga kwa sabuni yangu." Ni kweli. Lakini sheria ilikwisha kulifikiria jambo hilo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumba za kawaida asiyelala kwa mwajiri, na 40,000 kwa anayelala. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilivipandisha viwango hivyo hadi 120,000 na 60,000. Maana yake ni nini? Ni kwamba ugali na kitanda vimekwisha kukatwa. Anayemlipa binti 30,000 akisema kwamba nyingine amezila, anamkata chakula kilekile mara ya pili. Na kwa kuwa viwango hivi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, ni wajibu wa mwajiri kuulizia kilichopo sasa, kama yeye mwenyewe anavyoulizia cha kwake.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo halistahili kudharauliwa: "Mshahara wangu mwenyewe haunitoshi." Wafanyakazi wengi hawawaajiri wasaidizi kwa anasa. Mama anatoka nyumbani alfajiri, mtoto hana mahali pa kushinda, bibi yuko kijijini. Bila binti yule, ajira ya mama ingekatika. Lakini hebu liangalie neno hilo kwa upande wa pili: kama kazi yako inasimama juu ya kazi yake, basi kazi yake haiwezi kuwa ndogo. Na kama fedha ni chache, kuna kinachoweza kutolewa kisichotoka mfukoni. Watoto wakubwa wanaweza kuosha sahani walizolia. Baba anaweza kufua soksi zake. Jumapili inaweza kuwa yake, aende kanisani au msikitini, au alale tu. Simu inaweza kupigwa Unyambwa.

Suala hili si letu peke yetu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watumishi wa nyumbani duniani ni zaidi ya milioni 75, na robo tatu yao ni wanawake. Mwezi Juni 2011, mjini Geneva, lilipitisha Mkataba Namba 189 unaosema kwamba kazi ya nyumbani ni kazi kama kazi nyingine. Na hapa nchini CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, kinawapokea pia wasaidizi wa ndani. Lakini atajiungaje na chama mtu ambaye hatoki getini ila kwenda dukani?

MIISHO MIWILI

Iko habari moja juu ya sehemu ile ya kwanza ya mchezo wa Waingereza. Ilirekodiwa mwishoni mwa mwaka 1970 bila rangi, kwa sababu mafundi wa televisheni walikuwa katika mgogoro wa mishahara na walikataa kuitumia mitambo ya rangi. Mafundi hao walikuwa na chama chenye nguvu. Wajakazi wa mwaka 1903 waliokuwa wakiigizwa mbele ya kamera zao hawakuwa nacho. Mgogoro ulipokwisha, sehemu hiyo ilirekodiwa upya kwa rangi ili iuzwe nchi za nje, nayo ikatengenezewa miisho miwili. Katika mmoja Sarah anaondoka. Katika mwingine anabaki.

Binti wa Unyambwa naye ana miisho miwili. Katika wa kwanza, unaamka siku moja jiko limenyamaza; mfuko wake haupo, mtoto analia, nawe unachelewa kazini ukilalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawana shukrani. Juma linalofuata unatafuta mwingine, naye pia unamwita dada.

Katika wa pili, mnakaa wewe na mwenzi wako na binti, mnaandika karatasi moja: jina lake kamili, mshahara wake na tarehe ya kulipwa, saa zake za kulala, siku yake ya mapumziko, mwezi wa likizo yake. Nakala moja ni yake. Mama yake anasomewa kwa simu.

Leo jioni, basi, kabla hujawasha televisheni, mwite aje akae kitini. Mwambie aviache vyombo. Kisha mwulize kule Unyambwa, mama yake akimwita kutoka shambani, huita jina gani.